Uzi Uliopungua

Mwalimu Nthenya alikosa mia tatu za pindo,
akanipa tikiti. "Ya makumbusho," akasema,
"kuna vitu vya Uthai, vimekuja kwa mwezi mmoja."
Nikaikunja, nikaisokomeza chini ya meza ya cherehani,
kwenye ule mguu unaoyumba. Ikakaa siku tisa.

Siku ya kumi stima ilipotea Soko la Kenyatta.
Nikaichomoa, nikaikung'uta vumbi,
nikakipanda kile kilima na viatu vya kazini,
nyuzi zimeng'ang'ania sketi kama kupe.

Ndani, baridi ya hospitali.
Vyungu vya kijani, kijani cha maji yasiyo na haraka,
panga, mfano wa mashua yenye shingo ya ndege,
wafalme wamepangwa kwa miaka yao
kama wanafunzi kwenye paredi.
Nikapita. Sikuwa na neno nao.
Kichwa cha shaba kilikuwa kimefumba macho;
kiwiliwili ki wapi, kibao hakikusema.
Nikakiambia pole, nikasonga.

Halafu vazi la mcheza ngoma.
Limesimama kiooni, halina mtu ndani,
mabega yamechongoka kama yanataka kuruka,
hariri nyekundu, dhahabu imetariziwa hadi kwapani.
Kibao: kifungo hakuna, zipu hakuna.
Kila usiku wa mchezo mchezaji alishonewa mwilini,
akafumuliwa ngoma ilipokwisha.

Nikasoma tena. Nikacheka, mlinzi akageuka.
Mimi nimewafunga mabibi harusi kwa pini
wakiwa wamelia, wamenenepa, wamechelewa;
naijua pumzi ya mtu anayeiogopa sindano yako,
tumbo linavyojivuta ndani lenyewe.
Lakini kila usiku! Na kesho yake tena,
matundu yaleyale, mpaka kitambaa kichoke.

Nikainama. Chini ya kwapa la kushoto,
pasipokusudiwa macho,
mshono unaanza mwekundu, unamalizika zambarau.
Uzi uliisha.
Uzi uliisha na ngoma zimeshaanza kulia,
mtu fulani akakata kilichokuwa karibu,
akakitunga sindanoni, akaomba mkono ule usiinuliwe.

Kibao kilimtaja mfalme. Kikautaja mwaka,
na tajiri aliyelitoa vazi.
Nikatafuta chini, pembeni, nyuma.
"Mama, usiegemee kioo."
"Aliyeshona ni nani?"
Mlinzi akasoma naye, midomo ikichezacheza.
"Hawajaandika."
Tukabaki hapo, yeye na redio yake inayokoroma,
mimi na subana niliyoisahau kidoleni.

Nje, mvua. Nikampigia Mwalimu.
"Ile hesabu ya pindo," nikaanza,
"Si nilikupa tikiti!" akaruka,
na salio likaisha kabla sijamweleza
kwamba sasa mdaiwa ni mimi.

Stima ilikuwa imerudi.
Nikalitoa gauni lake jingine, la bluu, alilolileta juzi,
nikafumua inchi mbili za pindo, upande wa ndani,
nikazishona upya kwa zambarau.