Kidato

Wengine huchora gari kuanzia taa za mbele.
Mudoola alianzia chini:
polio ilimfundisha kutambaa,
na kwenye gereji ya mjomba wake, Jinja,
aliyajua magari kwa matumbo yao,
ekzosi, springi, oili inayodondoka,
kabla hajaziona nyuso zao.

Mkaa ukawa kalamu, sakafu ikawa karatasi.
Mama akideki huiruka michoro.

Chuoni, vidato arobaini na viwili hadi chumba cha uchoraji.
Alivihesabu kwa viwiko.
"Utachoraje usichoweza kuendesha?"
Hakujibu. Alichonga penseli.

Leo basi lake linatoka kiwandani,
rangi bado inanuka.
Wakubwa wanasifu kioo, wanasifu taa.
Yeye, magongo kwapani, anakitazama kidato
alichokigombania miaka mitatu:
sentimita kumi na nane tu kutoka ardhini.

Mwanamke mwenye beseni la ndizi, mtoto mgongoni,
anapanda huku akibishana kwenye simu kuhusu deni,
hatazami chini.

Hatazami chini!
Mudoola anacheka hata gongo moja linamponyoka.