Jiwe la Kando

Kaka yangu Thrasivulo hujenga kuta bila udongo,
mawe matupu, huko juu milimani Epiro,
ambako theluji ya Februari hukaa hadi watu wakaizoea.
Sikio lake la kushoto lilikufa kwa baruti ya machimbo.
Ukitaka kusema naye, simama kulia,
na jambo la maana usimwambie mara mbili.

Mimi hufundisha Kiyunani cha kale mjini Yoanina,
watoto thelathini na mmoja, nusu yao wamelala.
Jumatatu ile niliandika ubaoni: parabolē.
Para, nikasema, ni kando. Ballō, natupa.
Kutupa kitu kando ya kitu.
Msichana mmoja, Vaya, akainua kidole:
"Kwa nini kitupwe? Si kingewekwa tu, taratibu?"
Sikuwa na jibu. Nikawapa zoezi.

Jumamosi Foti akarudi.
Miaka kumi na tisa Ujerumani,
sanduku limefungwa kwa waya, meno mawili hayapo,
na fungu lake la kondoo alikwisha kulinywa
kabla hajavuka mpaka wa pili.
Mama, ambaye tangu Krismasi hakuwa ametoka kitandani,
alishuka ngazi mbiombio akachinja mbuzi kwa mkono wake.

Hadithi unaijua.
Papa-Anesti huisoma kila mwaka Kwaresima ikikaribia,
na kila mwaka Thrasivulo hutoka kanisani katikati
kwenda, asema, kutazama mawingu.

Nilimkuta nyuma ya zizi, kwenye ukuta ulioporomoka.
Klarineti ilifika hadi huko. Harufu ya nyama pia.
"Hadithi ile usinitupie," akasema.

Nikasimama kulia kwake, nikampa neno.
Sikuwa na kingine mfukoni.
Nikamwambia halitupwi juu ya mtu, hutupwa kando yake.
Nikamwambia waliofasiri Torati kwa Kiyunani
walilivika neno hilo mashali ya Kiebrania,
nayo mashali humeza kila kitu: methali, fumbo, kejeli,
hata jina la mtu aliyegeuka kichekesho cha majirani.
(Hapo akanitazama.)
Nikamwambia msemo mfupi wa tabibu ajiponye mwenyewe
nao uliitwa hivyo hivyo, parabolē;
kwamba mwinjili wa nne hakuligusa kabisa, alishika neno jingine;
kwamba barua moja ya kale yasema Ibrahimu
alimpata tena mwanawe, kutoka chini ya kisu,
"katika parabolē",
na wataalamu wangali wanagombania maana yake.

Alikuwa anageuzageuza jiwe, anatafuta uso wake.
"Jiwe huliweki," akasema.
"Ukiliweka linakudanganya, linajifanya limekaa.
Unalitupa kidogo, hivi, kando ya mwenzake,
halafu unasikiliza.
Likisema *ko*, limekaa.
Likisema *kwa*, litoe, hata kama ni zuri."

Nikamkumbuka Vaya na kidole chake.

"Na yule mkubwa," akauliza, "mwishowe aliingia?"
"Haisemi."
"Haisemi?"
"Inakatika wako nje, baba bado anambembeleza."
Akanyamaza muda mrefu.
Miaka yote ile ya kutoka katikati
alidhani kuna hukumu iliyosomwa nyuma ya mgongo wake.

Kuna mahali pengine Injili inasema
walio nje hupata yote kwa parabolē.
Hilo sikumwambia. Tulikuwa nje,
vidole vyangu havina hisia, viatu vimelowa.

Akachukua jiwe lingine, dogo, la kijivu,
akalitupa, akainamisha sikio moja alilonalo.
Upepo ulivuma. Mimi sikusikia limesema nini.

Mlango wa nyumba ukafunguka.
Foti alikuja na sahani inayofuka moshi,
kofia ya Baba kichwani, imemzidi,
akasimama kando ya ukuta, akaita jina la kaka yake
mara moja, kwa sauti ya chini,
kutoka kushoto.
Hakuna aliyekuwa amemwambia.