Pengo

Fuvu niliazima kwa Mwalimu Mlewa, maabara ya baiolojia.
Alilifunga kwa kanga ya mkewe kama anayefunga boga,
akaniandikisha daftarini: Fuvu moja. Namba 17. Lirudi Jumatatu.
Nikalipakata kwenye bodaboda toka Kikuyu hadi Nkuhungu
na kila tuta tulilopanda
taya lilinigonga tumboni
kama mtu anayetaka kuuliza jambo.

Bamba ni la zinki. Nililinunua kwa mzee
ambaye kiwanda chake cha kuchapa kadi za harusi kilikufa;
mgongoni bado lina kivuli cha jina la bwana harusi.
Mrututu nilipewa na Chilongani wa Hombolo,
ule ule anaonyunyizia mizabibu isiingie ukungu,
mikono yake ya buluu hadi viwikoni.
Nta imetoka Manyoni. Ukiitazama juani
utaona miguu ya nyuki.

Siku tatu nimekwaruza nta kwa sindano ya kushonea magunia.
Mishono ya utosi inapinda kama makorongo yetu wakati wa kiangazi,
maji yalipopita na hayapo.
Matundu ya macho yamenila usiku mzima:
mstari juu ya mstari juu ya mstari,
giza halichoreki kwa haraka.
Kwenye kipaji cha uso mtu aliandika 17 kwa wino wa zambarau.
Nikaiacha namba. Sikuichora.
Huyu aliwahi kupiga chafya.
Aliwahi kudaiwa, akapita njia ya nyuma.

Jioni ya tatu umeme ukakatika.
Niliinama na mshumaa nikague taya,
nikaridhika, nikalizamisha bamba kwenye beseni,
nikawa nafuta povu jekundu kwa unyoya wa kanga
huku majirani wakiitana gizani kuulizana kama ni mtaa mzima.

Mtambo wangu ni bomba la maji la inchi nne,
fundi wa Chang'ombe aliuchomea kwa malipo ya awamu.
Unalia. Nikazungusha, nikabandua karatasi mbichi kwa ncha za vidole:
ufa wa kushoto umehamia kulia, hilo nililitarajia,
chapa hugeuza kila kitu.
Lakini chini, mbele, katikati,
meno mawili hayapo.
Tone la mshumaa lilidondokea hapo, mrututu ukapita pembeni,
na karatasi imebaki karatasi.

Bibi Sechelela.

Walimng'oa yale mawili akiwa msichana, huko Mvumi, kwa kisu,
na hakulia, au ndivyo alivyodai.
“Huu mlango wa uji,” aliniambia.
“Pepopunda ikilifunga taya, wewe na hayo meno yako mazima
watakulisha wapi?”
Kupitia hapo alirusha mate yakampata jogoo hatua sita.
Kupitia hapo jina langu lilitoka na upepo kidogo.
Siku tulipomzika mchungaji alinyoosha mkono, akasema
marehemu ametuachia pengo,
nikaing'ata kanga nisicheke mbele ya watu,
halafu sikuweza kuiachia.

Ningeweza kurekebisha. Mistari ipo chini ya lile tone;
ni kulikwangua, dakika kumi beseni,
meno yangeota.
Nimelipangusa bamba kwa mafuta ya taa, nikapaka wino tena,
nikachapa nakala tisa hivyo hivyo.

Jumatatu Mwalimu Mlewa alifungua kanga,
akalihesabu fuvu meno kwa kalamu, akatia tiki.
Kisha akaitazama chapa.
“Umekosea. Namba 17 ana meno yote ya chini.”
“Ndiyo, mwalimu.”
Kengele ya mapumziko ikagonga, watoto wakamwagika uwanjani,
yeye bado ameishika karatasi kwa kingo zake.
Nikauona ulimi wake
ukitembea taratibu nyuma ya mdomo wa chini,
ukipapasa jino, na jino,
kama mtu aliyeingia nyumba ya baba yake
na kukuta mlango umejengewa matofali.

Kisha akauliza bei.