Kiatu cha Kushoto

Usiku wa manane baba aliniita
niiondoe shuka.
Shuka tu, ya pamba, imefuliwa hadi ikawa nyepesi
kama ganda la kitunguu,
lakini ilikuwa imelilalia dole gumba la mguu wake
kama gogo.

Huyu ndiye Tamihana Kereopa,
aliyenyoa kondoo mia tatu kwa siku,
banda hadi banda, bonde hadi bonde,
akiwakalisha kama watoto wanaoogeshwa,
manyoya yakivuka kwa kipande kimoja, kama koti.
Sasa anatambaa kwenda chooni.

Jongo, wakasema pale dukani, wakacheka.
Punguza bia, mzee. Acha kome.
Naye akacheka nao, maana afanyeje,
akaacha bia, akaacha kome,
nyama ya Krismasi akaitazama ikipita kwenda kwa wengine,
na bado dole likavimba, likaiva, likang'aa.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake;
shuka usiyojifunika, je?

Hapa Wairoa tunaye daktari wa kila kitu.
Mzuri. Mchovu. Hutoa vidonge vya maumivu
na barua.
Barua ilikwenda Hastings kwa bingwa wa viungo,
ikarudi: subirini miezi minane.
Mimi nilihesabu kwa vidole.
Baba alihesabu kwa usiku wa kutambaa:
"Hiyo ni kama mara sita," akasema.

Nikawa napiga simu kila Jumatatu, saa mbili na nusu.
Muziki wao wa kusubirisha niliujua
kuliko sauti ya jirani yangu.
Nilimjua Bi Doreen wa mapokezi,
na goti la mama yake, na paka wake mgonjwa.
Wiki ya kumi na moja akanong'ona:
mtu ameghairi. Kesho, saa nne. Mtaweza?

Mvua ilikuwa imeporomosha mlima barabarani.
Saa nzima nyuma ya malori ya magogo,
mguu wa baba juu ya mto, soksi imekatwa mbele,
na kiatu cha kushoto mapajani,
amekipiga rangi alfajiri
"nisije nikaonekana sina adabu."

Daktari Leilua, Msamoa, mfupi,
hakuuliza habari za bia.
Alipiga magoti akaivua soksi mwenyewe,
polepole, kama anayebandua stempu ya zamani.
Akachoma goti, akavuta maji yenye ukungu,
akatuita kwenye hadubini.
Sindano. Maelfu, zikimeta.

Baba alikaa kimya sana.
"Mbegu za nyasi," akasema mwishowe.
"Huingia kwenye manyoya, zikatoboa ngozi,
zikatembea ndani ya kondoo.
Nimezing'oa miaka arobaini.
Sijasikia mtu akimlaumu kondoo."

"Ni figo zako," daktari akasema, "haziachii kinachopaswa kutoka.
Ulirithi, kama pua hiyo. Babu yako je?"
"Babu alikuwa na mkongojo," baba akajibu.
"Tulidhani ni wa cheo."

Kidonge kimoja, kila siku, hata siku ya raha,
hasa siku ya raha.
Dole huenda likakasirika kwanza. Usiache.

Kiatu hakikuingia siku ile, wala mwezi ule.
Kiko mlangoni, kimeelekea nje.
Jumatatu, saa mbili na nusu,
mkono wangu ukaifuata simu wenyewe.
Nikampigia Bi Doreen,
nikamuuliza habari za paka.