Hesabu ya Mashati

(Richmond, Virginia, 1861)

Jumatano nilipokea mashati kumi na manne
ya wajumbe waliopanga kwa bwana Pettigrove,
kola zimeiva kwa jasho la kuhutubia,
moja lina mvinyo kifuani, umbo la kiatu.
Nikaloweka.

Kesho yake kengele.
"Virginia imejitoa," akasema Tamari mpishi,
akakibwaga kisu kana kwamba ndicho kilichosema.
Imejitoa wapi?
"Kwenye Muungano."
Nikatazama uani: kisima palepale,
kamba palepale, na mimi palepale.
"Mtoto akililia wembe," Tamari akanong'ona,
hakumalizia.

Bwana alikuja akanywa maji kwa kata yetu,
jambo ambalo hajapata kulifanya.
"Kezia," akasema, "sisi hatutawaliwi na mtu."
Ndiyo, bwana.
Povu likaniingia jichoni.
Nikalishukuru povu.

Mei wakaja vijana wa mashamba ya mbali,
viatu vipya, vita wakividhania mavuno,
wiki sita kisha nyumbani.
Majina yao yalitiwa uzi mwekundu ndani ya kola.
Sijui kusoma, ila niliijua mikono ya mama zao:
huyu huvuta uzi mno, huyu alikuwa na haraka,
huyu alishona gizani, au akilia.

Mwanangu Ishmaeli walimpa koleo
akawachimbie mahandaki
ya kumzuia nani asifike?
Hakuuliza. Nami sikumwuliza.

Juni, Betheli: ushindi, wakapiga ngoma hadi usiku.
Julai, Manassas: ushindi tena,
lakini treni iliingia na mvua, bila ngoma,
na mashati hayakuja kwa vikapu,
yalikuja kwa magunia.

Damu haitaki maji ya moto; humo hujifunga milele.
Maji baridi, chumvi, subira.
Lile la mama aliyeshona gizani nililikuta chini kabisa,
mkono wa kushoto umekatwa kwa mkasi, begani.
Nililifua hata hivyo. Nililipiga pasi
mpaka pale lilipoishia.

Usiku huo Tamari akaniambia habari
ya ngome iliyo mdomoni mwa mto:
anayeifikia harudishwi.

Asubuhi nikakabidhi mashati thelathini na tisa.
Bwana akahesabu, akahesabu tena,
akauliza la arobaini,
kisha akauliza Ishmaeli yuko wapi.
"Vitani, bwana," nikasema,
"vitu hupotea."