Maswali Mia, Biri Elfu

Usiku Anasuya hunisomea maswali, mimi nakunja biri.
Elfu moja kwa siku, ndiyo hesabu ya tajiri wa Solapur;
atakazozitupa kwa jicho lake ni hasara yangu.
Trei mapajani, majani ya tendu yamelowa,
uzi mwekundu nimeubana kwa kidole gumba cha mguu.
Yeye kakaa kizingitini, penye mwanga wa taa ya barabara,
maana umeme wa ndani tunaula kwa kijiko.

Kitabu ni cha mkono wa tatu, kanunua stesheni.
Kurasa za majibu zimeng'olewa.
"Afadhali," anasema, "nitakosea kwa akili yangu mwenyewe."
Maswali mia kwa dakika tisini, huko Mumbai,
ndipo umruhusiwe kusomea ustawi wa jamii.
Jamii gani, sikuuliza.

"Wanaume sita huchimba mtaro kwa siku kumi na mbili.
Wanaume tisa, je?"
Nane, anajijibu, kabla sijakaza fundo.
Namuuliza: jua la mwezi gani?
Mgongo wa Mallesh umepona?
Na wanawake wanaoubeba huo udongo kichwani,
wao hawahesabiwi?
"Amma, jibu ni nane."
Haya. Nane.

"Utumwa wa deni ulipigwa marufuku mwaka gani?"
Sabini na sita, anasema, na kidole kinakwenda chini.
Mwaka ule ndio niliozaliwa.
Mama alinijifungua huku akikunja biri za deni la babu,
na akaendelea kuzikunja hadi nilipoota meno ya pili.
Habari ilikuwa njiani, labda.
Labda ilikuja kwa miguu.

"Mwanamume akaonyesha picha, akasema:
mama wa msichana huyu ni binti pekee wa mama yangu.
Yeye ni nani wake?"
Mjomba! Hilo nililiwahi mimi.
Kisha mkasi ukanitulia mkononi.

Kaka yangu Lakshmipati alikuja na nazi na sari ya manjano,
Anasuya akiwa na miaka kumi na sita.
Kwetu mjomba aweza kuposa, si aibu.
Mimi nilishabandika wali wa sukari, nilishahesabu wageni.
Mtoto akaingia jikoni, akazima jiko,
akasema, "Amma, niulize kwanza."
Moshi wa mafuta ya taa, na sufuria inayopoa.
Nikamuuliza.
Kaka hajakanyaga hapa mwaka wa sita huu.

Baada ya mtihani kulikuwa na mahojiano,
walimu wanne na jagi la maji.
Alikuwa amekariri: nataka kuwasaidia wanyonge.
Nilimsikia akijizoeza bafuni, nikamwita.
Wanyonge ndio akina nani? Mimi?
Alikaa kimya mpaka chapati ikaungua.
Alichowaambia wale wanne hajanisimulia,
ila alirudi na viatu mkononi, na njaa ya watu watatu.

Sasa jina lake liko kwenye orodha ya kusubiri,
namba kumi na moja.
Kumi na mmoja huko mbele wavunjike moyo, au waolewe,
au baba zao wakose nauli.
Sitaki kuwaombea mabaya. Jana karibu niombe.

Basi usiku, mimi ndimi ninayetunga swali:
Mwanamke mmoja hukunja biri elfu kwa siku.
Kakunja miaka thelathini na miwili, mapafu yake ni hayo unayoyasikia.
Akilala mgonjwa siku tisa,
nani atakunja?

Nilidhani atanirukia na jibu, kama kawaida yake.
Akafunga kitabu.
Akavua saa, akaiweka juu ya majani yaliyolowa, hata hakuona.
"Jua la mwezi gani?" akauliza.

Nikamsogezea mkasi.
Zilikuwa zimebaki mia mbili.