Nani Yuko Nyuma?

Pajala, mwisho wa Novemba. Saa tisa alasiri
na jua limeshakwenda zake.
Taa za rivasi alizonipa mwenye kiwanda
ni vijinga viwili: vinamulika bampa, basi.
Nyuma ya bampa ni kiza, na ndani ya kiza
nguzo ya sanduku la barua niliyoiangusha Jumatatu,
nikaisimamisha,
nikaiangusha tena Alhamisi.

Börje wa dukani alizipanga mezani kama samaki:
za LED, nyembamba, zisizokula umeme;
za mwanga wa mkuki, zinazotoboa kiza mita mia mbili.
"Sirudi nyuma mita mia mbili," nikamwambia.
"Narudi hatua kumi na trela ya kuni,
kati ya ghala na sauna.
Nipe mwanga wa kumwagika, mpana kama jamvi."
Na theluji ikizigandia hizi za LED, nani atazipangusa?
Hazina joto; zitang'aa zimejifunika blanketi.
Nikachukua halojeni, za kizamani,
zenye homa ya kutosha kujiyeyushia.

Chini ya bampa? Barafu hujenga nyumba huko.
Juu ya paa? Kila chembe ya theluji
ingenirudishia mwanga machoni.
Nikapima usawa wa kiuno, kando ya kibao cha namba,
nikatoboa, nikapaka rangi midomo ya matundu isile kutu,
na ndipo nikakumbuka nani alikuwa akishika tochi
usawa ule ule.

Miaka thelathini.
"Njoo. Njoo. Bado, njoo. Basi!"
Hiyo "basi" ya Baba ndiyo iliyokuwa breki yangu.
Sasa goti lake ni la chuma, na chumba chake
kina kengele ya kumwita muuguzi.

Waya wa taa ya zamani ni mwembamba, haubebi mzigo huu.
Kazi yake ni kuiamsha rilei,
kama mtoto anayetumwa kumwita mtu mzima.
Fyuzi ya kumi na tano. Grisi kwenye kila kiungo.
Spana ilining'ang'ania vidole kwa baridi.
Mara ya kwanza nilikosea waya:
nikiwasha indiketa, taa zote mbili
zikaukonyeza msitu.

Mara ya pili nikatia rivasi,
na uwanja mzima ukaja:
nguzo yangu iliyopinda, ngazi za sauna,
nyayo za sungura zilizokatiza pale pale
aliposimama yeye.

Nikampigia simu. Hakunisalimu.
"Nani yuko nyuma yako?"
"Hakuna mtu, Baba. Naona mpaka kitasa cha mlango."
Kimya. Nikasikia redio yake, habari za hali ya hewa.
"Ziinamishe kidogo, Maj-Lis," akasema.
"Utamwamsha Kerttu ng'ambo ya barabara."

Nikashuka na spana.
Nusu mzunguko kushoto,
robo kulia,
basi.